Mfagizi wa Siku Moja

Neno lenyewe linakwaruza koo: everiatori.
Nimelisikia leo alfajiri kwa mara ya kwanza,
karani wa wosia akilitamka mlangoni,
nikadhani anamtukana mtu.
Kumbe ni cheo.
Kumbe hapa Preneste
mwenye kurithi nyumba ya maiti
sharti aifagie kwanza.

Miaka kumi na tisa nimeifagia nyumba hii
na hakuna aliyenipa neno refu namna hiyo.
"Thalusa, pale pembeni."
Basi.

Sasa Numerio, mpwa wa marehemu,
amesimama ukumbini katika vazi jeusi la matanga,
viganja laini kama unga uliokandwa usioonja tanuri.
Amekabidhiwa ufagio wa namna yake,
wa vijiti ambavyo mimi sikuruhusiwa hata kuvikata.
Anaushika kama mtu aliyekamata nyoka:
shingoni, mbali na mwili.

Na anaanzia mlangoni!
Vumbi linarudi ndani, linamkaa kopeni.
Jamani, taka husukumwa kutoka gizani kwenda kwenye nuru,
huanzia chumbani, nyuma ya kitanda,
pale kifo kilipovulia viatu.
Mtoto wa miaka sita analijua hilo.
Lakini sheria inataka mkono uwe wake,
na akivuruga, wanasema, atalipa kwa kichwa chake.
Kufa kufaana, ila si bure.
Nameza ulimi. Natazama.

Vibio Obelio ametangulia, miguu mbele.
Filimbi zimefifia huko bondeni penye makaburi.
Jikoni, juu ya meko,
Lari wawili wa ukutani bado wanacheza,
kila mmoja na pembe yake ya divai,
na joka lililochorwa chini yao limebabuka tumbo
pale nilipolipangusa masizi kila mwezi mpya.
Nao wanatazama.
Sijui kama wanacheka.

Anafika chumbani hatimaye, jasho linamtoka.
Zinatoka nywele nyeupe. Maganda ya dengu.
Zinatoka punje za chumvi nilizomwaga
usiku ule bwana alipokata roho
na mkono ukanikataa.
Kisha, kutoka chini ya kitanda,
anatoka mwanasesere wa sufu.

Wewe usiyezijua njia panda zetu, sikia.
Kila majira ya baridi nyumba hutundika sufu kwenye kibanda cha njia panda,
ili mizimu ichukue sufu, iache watu.
Kwa kila muungwana, mwanasesere.
Kwa kila mtumwa, donge.
Donge halina macho. Donge hutundikwa, likalowa, likaoza.
Nyumbani humu muungwana alikuwa mmoja:
mwaka hadi mwaka mwanasesere mmoja, donge moja,
na aliyevifunga vyote viwili ni mimi.

Huyu sikumfunga mimi.
Mishono yake mibaya, mikubwa,
mishono ya mzee asiyeona vizuri.
Kichwani kafungwa kitambaa cha kijivu.

Huenda ni wa yule mke aliyekufa kabla sijanunuliwa.
Huenda.
Kitambaa changu ni cha kijivu.
Kwenye wosia, karani aliposoma,
nilitajwa kati ya jiwe la kusagia na punda.

Numerio hamtazami. Anamsukuma na nywele na chumvi,
anamvusha ukumbi, anamvusha kizingiti,
anatema mate, anaomba maji ya kunawa.
Amemaliza. Nyumba ni yake.
Ananirushia ufagio bila kugeuka:
"Na hapo nje."

Hapo nje sheria haikusema kitu.

Nilianza kwa nywele, nikazikusanya polepole.
Chumvi niliiachia mchwa.
Mwanasesere nilimwokota mwisho, nikampuliza vumbi usoni.

Ana nyusi.
Moja imepanda juu kuliko nyingine,
kama ya mtu aliyeitwa ghafla
na hana hakika kama aliyeitwa ni yeye.